Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupandisha Kenchi Juu ya Kuta Zisizokaa Sawa na Vipimo vya Ramani

Majibu haya yanahusu nyumba ya kawaida ya matofali ya saruji ya inchi 6, iliyofungwa lenta (mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta), ambayo paa lake ni la kenchi za mbao, yaani fremu za pembetatu zinazobeba paa, na mabati. Ili hesabu zisiyumbe, mifano yote inatumia nyumba moja yenye upana wa mita 9 na urefu wa mita 12, upenu wa sentimita 60, na mteremko wa 1 kwa 2, yaani kenchi yenye kimo cha mita 2.25 kutoka mbao ya chini hadi kileleni.

Je, kuta kupishana na ramani kwa sentimita kadhaa ni jambo la kutia hofu?

Mara nyingi si la kutia hofu. Ukuta uliopandishwa kwa mkono, tofali moja baada ya jingine, kwa uzi ambao upepo unausukuma na jua linaulegeza, hautarajiwi kufika juu ukiwa na kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye karatasi. Tofauti ya sentimita 1 au 2 katika upana wa mita 9 hupatikana hata kwa mafundi makini. Ikifika sentimita 5 au 6 bado paa zuri linaweza kupatikana, ila inabidi mtu aamue kwa makusudi kasoro hiyo itaishia wapi, maana asipoamua yeye, itajichagulia mahali pake, na kwa kawaida huchagua mgongo wa paa, ambako kila apitaye barabarani ataiona.

Ni kweli kwamba paa la makuti linasamehe mengi, na hata dari za boriti za mikoko katika nyumba za kale za Lamu na Unguja zilisamehe, kwa sababu mawe na chokaa vilivyomwagwa juu yake vilifunika kila upungufu. Bati halina huruma hiyo. Limetoka kiwandani likiwa limenyooka na pembe zake ni za mraba, kwa hiyo kitu chochote kilichopinda chini yake hujitokeza.

Nipime nini kabla ya kukata mbao hata moja, na nipime lini?

Pima baada ya lenta kukauka na kabla ya kununua mbao za kenchi. Usitumie vipimo vya msingi, kwa sababu ukuta unaweza kuwa umeegemea ndani au nje ukiwa njiani kwenda juu, wala usitumie vya ramani. Panda juu ya lenta na futikamba ndefu ya chuma, ukiwa na msaidizi upande wa pili, upime upana wa nyumba kutoka uso wa nje wa ukuta mmoja hadi uso wa nje wa ukuta wa pili, katika kila mahali ambapo kenchi itakaa. Kenchi zikipangwa kila baada ya mita 1.2 katika nyumba ya mita 12, vipimo hivyo ni 11, na vyote viandikwe. Fundi anayepima ncha mbili tu anaweza asigundue ukuta uliotoka tumbo katikati.

Kisha pima mishazari miwili, kutoka kona hadi kona. Katika nyumba yetu ya mita 9 kwa 12 kila mshazari unapaswa kuwa mita 15 kamili, kwa sababu 9, 12 na 15 ni ile kanuni ya 3, 4 na 5 ikizidishwa mara 3. Mishazari ikipishana kwa sentimita 8 huku kuta ndefu zikiwa na urefu uleule, maana yake kila ukuta wa mwisho umesogea mbele kwa sentimita 5 hivi upande mmoja kuliko upande wa pili. Hesabu hiyo ina faida kubwa, kwa sababu inakuambia ukubwa halisi wa tatizo badala ya kukuacha na hisia tu kwamba nyumba imekwenda upande.

Mwisho, pima usawa wa juu ya kuta kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani. Hakikisha hakuna mapovu ya hewa ndani yake, kwani povu moja linaweza kukudanganya. Pimamaji ya fundi mwashi, ile fupi ya mkononi, haitoshi kwa kazi ya mita 12.

Upana wa nyumba ni mita 9.00 mwisho mmoja na mita 9.06 mwisho wa pili. Je, nitengeneze kila kenchi kwa kipimo chake?

Hapana, na hili ni kosa linaloharibu mapaa mengi. Wazo la kuifuata kila sehemu ya ukuta linaonekana la uangalifu, lakini matokeo yake ni kwamba kenchi 11 zinakuwa na maumbo 11. Ukishika mteremko uleule, nusu ya upana ikipungua kwa sentimita 3, kilele hushuka kwa sentimita 1.5, kwa hiyo mgongo wa paa utainama kuelekea upande mwembamba. Ukishika kimo kilekile, mteremko ndio utakaobadilika kutoka kenchi moja hadi nyingine, papi (mbao zinazopigiliwa mabati) hazitalala katika bapa moja, na mabati yatakuwa yanajikunja kidogokidogo hadi misumari yake ianze kulegea na maji kupata njia.

Utaratibu ulio salama ni kutengeneza kenchi zote kwa kielelezo kimoja. Chora kenchi nzima kwa chaki juu ya sakafu ya zege, au panga mbao za kwanza mahali palipo tambarare na ugongee vipande vya mbao vya kuzizuia pembeni, kisha kila kenchi inayofuata itengenezwe ndani ya kielelezo hicho hicho bila kubadilisha chochote. Kipimo cha kielelezo kichaguliwe kwa namna ambayo kenchi itakalia vizuri ukuta pale nyumba ilipo pana zaidi, na katika mfano wetu hiyo ni mita 9.06.

Wakati wa kupandisha, vuta uzi unaopita katikati ya nyumba kutoka mwisho hadi mwisho, na kila kenchi iwekwe alama katikati ya mbao yake ya chini ili alama hiyo ikae juu ya uzi. Hapo mgongo wa paa utanyooka, vipaa viwili vitakuwa tambarare, na ncha za mbao za mteremko zitakuwa katika mstari mmoja tayari kupokea fishabodi (mbao ya ukingo wa paa). Zile sentimita 6 zimeishia wapi? Zimeishia kwenye upenu, sentimita 3 kila upande. Mtu anayesimama uani hawezi kuona kwamba upenu ni sentimita 63 kwenye kona moja na 60 kwenye kona nyingine, lakini kofia ya paa iliyopinda ataiona akiwa bado yuko mbali.

Wolpleti (mbao inayolazwa juu ya ukuta ili kenchi ziikalie) ifuate ukuta au ifuate uzi?

Ifuate uzi, mradi haitoki nje ya tofali. Mbao ya 2 kwa 4 iliyolazwa ina upana wa kama sentimita 10, na ukuta wa inchi 6 una sentimita 15 kabla ya plasta. Kwa hiyo unayo nafasi ya sentimita 5 ya kuisogeza wolpleti ndani au nje bila sehemu yake yoyote kuning'inia hewani. Nafasi hiyo peke yake inatosha kumaliza kasoro nyingi za kuta, na inashangaza jinsi mafundi wengi wasivyoitumia, wakaipigilia wolpleti sambamba na uso wa ndani wa ukuta ati kwa sababu ndivyo inavyopendeza, ilhali itafunikwa na dari.

Kenchi zimeshatengenezwa, na zimekuwa fupi. Pembe zake zinagusa ukuta kidogo tu.

Hapa hakuna nafasi ya kubahatisha. Uzito wa paa, na hasa nguvu ya upepo, vyote vinapita katika kile kiungo cha pembeni ambapo mbao ya mteremko inakutana na mbao ya chini. Kenchi inatakiwa ikalie upana wote wa wolpleti, na mimi binafsi sikubali chini ya sentimita 7. Jaribu kwanza kusogeza wolpleti za pande zote mbili hadi ukingo wa ndani wa ukuta, kama ilivyoelezwa hapo juu, na mara nyingi hilo litamaliza shida.

Lisipomaliza, kenchi ifumuliwe na mbao yake ya chini ibadilishwe yote. Kuiunga kwa kipande kifupi na misumari minne ni kujidanganya, kwa kuwa mbao ya chini ya kenchi kazi yake ni kuvutwa: ndiyo inayozuia miguu ya paa isitanuke na kusukuma kuta nje. Kiungo dhaifu mahali hapo hakionyeshi dalili siku ya kupaua, huanza kufunguka baada ya misimu kadhaa ya mvua na jua.

Je, ikiwa ndefu ninaweza kuikata?

Ncha za mbao za mteremko zinazotokeza kwenye upenu zinaweza kukatwa bila madhara, na kwa kweli zinapaswa kukatwa zote pamoja, kwa uzi mmoja, baada ya kenchi zote kusimama. Kiungo chenyewe kisikatwe wala kuchongwa ili kiingie ndani ya ukuta.

Kuna hali nyingine ya urefu ambayo haizungumzwi sana. Kenchi ikiwa ndefu mno, ukuta unajikuta uko ndani ya kiungo, na wolpleti inaisukuma mbao ya chini mahali ambapo haina msaada wa mbao ya mteremko. Angalia kwa karibu: ukiona mwanga kati ya mbao mbili juu kabisa ya wolpleti, ujue mbao ya chini imebeba mzigo peke yake na itapinda. Dawa yake ni kuchonga kabari nene ya mbao ngumu inayojaza pembe hiyo barabara, kisha kuishika kwa vipande vya mbao vilivyogongewa pande zote mbili za kenchi. Kama pengo linazidi unene wa mbao yenyewe, mwite mhandisi atazame kabla hujaendelea.

Ukuta mmoja uko chini kuliko mwingine. Nijazie kwa vipande vya mbao chini ya kenchi?

Vipande vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine hukauka, hulegea na huchomoka, na baada ya hapo kenchi hubaki imening'inia kwenye misumari. Usivitumie. Sawazisha wolpleti yenyewe. Chukua sehemu iliyo juu kuliko zote kuwa ndiyo kipimo, kisha jaza udongo wa saruji na mchanga, kwa kipimo cha 1 kwa 3, chini ya wolpleti katika sehemu zilizo chini. Njia hiyo inafaa kwa tofauti isiyozidi sentimita 3. Ikizidi hapo, funga mbao na umwage mkanda mwembamba wa zege wenye nondo, ulioshikana na lenta. Kuchimba lenta sehemu iliyo juu ili ishuke ni njia ya mkato yenye gharama baadaye, kwa sababu zege linalofunika nondo ni jembamba, na likishatoboka unyevu huingia na kutu huanza.

Inafaa pia kujua ni kasoro ipi inayodhuru zaidi. Ukuta wote wa upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita 3 kwa usawa, kilele cha kenchi yetu ya mita 9 kitasogea pembeni kwa chini ya sentimita 1, na hakuna atakayekiona. Lakini ukuta uleule ukiwa sawa kwenye kona zote mbili na kubonyea sentimita 3 katikati, fishabodi itachukua umbo la mgongo wa punda na mfereji wa maji ya mvua utatuama hapo. Tofauti ni ileile ya sentimita 3, ila ya pili ndiyo ya kushughulikia kwanza.

Ukuta wa chumba cha ndani umepanda juu kuliko kuta za nje, na mbao ya chini ya kenchi inaukalia. Je, si ni vizuri, kwani unaisaidia?

Inategemea kenchi ilitengenezwaje. Kama ilipangwa ivuke nyumba nzima kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, basi kuisukuma kutoka chini katikati ya mbao kunabadilisha namna nguvu zinavyogawanyika ndani yake: mbao zilizokusudiwa kuvutwa zinaanza kubanwa, na kinyume chake. Punguza ukuta wa ndani mpaka ibaki nafasi ya sentimita 1 au 2 chini ya kenchi, na dari itaificha. Msumeno ubaki mbali na mbao ya chini ya kenchi.

Kwa upande mwingine, mafundi wengi hapa Tanzania hutegemea ukuta wa kati kwa makusudi ili watumie mbao nyembamba zaidi, na jambo hilo linakubalika ikiwa ukuta huo umejengwa juu ya msingi wake, umefungwa lenta, na kenchi ina nguzo au mbao za mshazari zinazoshuka hasa pale inapokalia. Ukuta wa kugawa choo na stoo uliojengwa juu ya sakafu tu haustahili kubebeshwa paa.

Nyumba haiko mraba. Mabati yataangaliaje?

Rudi kwenye mfano wa mishazari iliyopishana kwa sentimita 8, ambapo ukuta wa gebo (ukuta wa mwisho wa nyumba, unaopanda hadi chini ya paa) umekwenda mshazari kwa sentimita 5. Panga kenchi zote ziwe mraba na kuta ndefu, bila kuufuata ukuta wa gebo. Kenchi ya mwisho itagusa gebo kwenye kona moja na kuachana nayo kwa sentimita 5 kwenye kona ya pili, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Papi zipitilize hadi nje ya gebo, kisha zikatwe kwa uzi ulio mraba na fishabodi ya mbele. Bati la kwanza likishakaa mraba na fishabodi, yote yanayofuata yatakaa.

Anayeanza kwa kulinganisha bati la kwanza na ukuta wa gebo uliopinda atalazimika, afikapo mwisho wa pili, kuyapanga mabati kama ngazi kwenye upenu, kila moja likitokeza zaidi ya mwenzake, na mkasi wa bati hautamwokoa, kwa sababu migongo ya mabati yenyewe itaonekana imelala upande. Mabati ya msauzi, yenye migongo mikubwa iliyonyooka, hulifichua kosa hili upesi kuliko yale ya mawimbi madogo.

Je, maelezo haya yanafaa pia kwa paa la migongo minne?

Kanuni ni zile zile, lakini nafasi ya kosa ni ndogo sana. Kwenye paa la migongo minne, mbao ndefu zinazotoka konani hupita katikati ya pembe pale tu kona inapokuwa mraba na miteremko inapokuwa sawa. Kona ikipinda, kila mbao fupi inayokutana na ile ndefu inadai urefu wake na pembe yake ya kukatwa, na kazi ya siku mbili inaweza kuwa ya wiki. Ushauri wangu ni kwamba mraba utafutwe kwenye wolpleti: chora kwa uzi mstatili kamili juu ya kuta, uhakikishe mishazari yake inalingana, uipigilie wolpleti juu ya mstatili huo, kisha usiutazame tena ukuta hadi paa liishe. Mstatili usipoingia juu ya matofali hata baada ya kutumia zile sentimita 5 za nafasi, ukuta husika uongezewe unene kwa zege kwenye usawa wa lenta.

Kenchi zangu ni za chuma, zinatoka kiwandani. Fundi anaweza kuzirekebisha hapa kiwanjani?

Asizikate wala kuzitoboa bila maelekezo ya maandishi ya waliozitengeneza. Chuma chembamba kilichokunjwa kina nguvu kwa sababu ya umbo lake, na mkato mdogo kwenye mkunjo huliharibu umbo hilo. Jambo la maana ni kuwataka watengenezaji waje kupima wenyewe juu ya lenta iliyokwisha kukauka, na waweke saini vipimo hivyo, kabla hawajaingiza oda kwenye mashine.

Nyaya na nondo za kufungia paa haziko tena chini ya wolpleti baada ya kuisogeza. Je, misumari itatosha?

Misumari peke yake haitoshi. Mabati ni mepesi, na upepo wenye nguvu huliinua paa zaidi kuliko unavyolikandamiza. Kama nondo zilizoachwa kwenye lenta bado zinafika, zikunjwe juu ya wolpleti na kupigiliwa barabara. Kama hazifiki, toboa wolpleti na lenta kwa mashine, uingize bolti za kupanuka, au ushushe ukanda wa chuma kutoka kwenye kenchi hadi kozi mbili au tatu chini ya lenta, uufunge kwenye matofali kabla ya plasta. Kila kenchi iwe na kifungo chake pande zote mbili, na zile za mwisho wa nyumba zifungwe kwa uangalifu zaidi.

Nitajuaje kama kasoro ni ya ukuta au ni ya mbao?

Pandisha kenchi mbili za mwisho kwanza, zisimamishe kwa timazi, zishike kwa mbao za mshazari, kisha vuta uzi kutoka kilele hadi kilele. Kenchi ya katikati isipoufikia uzi, ishushe uibadilishane mahali na kenchi nyingine. Upungufu ukihama pamoja na kenchi, kosa ni la mbao. Ukibaki palepale, kosa ni la ukuta. Mbao za paini zilizonunuliwa mbichi na kuachwa juani wiki moja hupinda kiasi cha kumfanya fundi mwashi alaumiwe bure, kwa hiyo zipangwe kivulini, juu ya vipande vya kuzitenganisha na ardhi, tangu zinaposhushwa kwenye gari.

Nani alipe gharama za marekebisho?

Hilo liamuliwe kabla fundi wa paa hajaanza. Andika vipimo vya kuta na mishazari kwenye karatasi moja, fundi mwashi na fundi wa paa wasaini wote wawili mbele ya mwenye nyumba, na kila mmoja abaki na nakala. Baada ya mabati kupigwa, kila fundi humnyooshea mwenzake kidole. Tofauti ikizidi kiasi ambacho wolpleti na upenu vinaweza kukibeba, au ukiona ufa kwenye lenta, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na kazi ya kupandisha kenchi isimame hadi atakapotoa maelekezo yake kwa maandishi.